Ijaza ya Mwalimu Lani

Sipendi kumsikia mtu akisema Mwalimu Lani hana adabu. Hasira hunipanda hapo hapo, nikamuuliza yeye ni nani na kamjulia wapi. Sisi wa Mlingotini, hapa Bagamoyo, tuliwahi kusema hivyo, kweli, lakini sisi tuna haki. Ni wetu.

Alikuja kutoka Uchina na mumewe, fundi wa barabara. Kazi ilipokwisha mume akarudi kwao, mke akabaki. Waliachana kwa wema, na hatukuchimba zaidi, ingawa tulitamani. Akapanga chumba cha uani kwa shangazi yangu, Bi Mwanamkasi, mkandaji wa wazazi kijiji kizima. Ukijifungua hapa, yeye ndiye atakayekukanda kwa maji ya moto mpaka utoke arubaini. Lani alipoliona hilo alifurahi sana, maana kwao pia mzazi hukaa ndani mwezi mzima na hagusi maji baridi. Wakapendana siku ile ile, wakaanza kugombana kesho yake.

Walichogombania ni mkono. Lani alikuwa anatufundisha tiba za kwao, sisi wanawake tunaolima mwani, migongo imekufa kwa kuinama majini. Alitufundisha kukanda, kuumika kwa vikombe vya kioo, na kabla ya yote kusoma mshipa. Unaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, unanyamaza, unasikiliza. Sasa niambie, mwanamke wa pwani umshike mkono halafu akae kimya? Kwetu mkono ukishikwa ni salamu. Lani anashika, mgonjwa anaanza: sijambo mwanangu, watoto wazima, yule wa Mapinga bado hajapata kiwanja, mbuzi naye kafa. Lani anasema, "Kimya, mama." Mgonjwa ananuna, anakwenda kutangaza kwamba kafukuzwa kama kuku.

Shangazi akamwambia, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Hawa hawafichi, wewe ndiye unayewaziba mdomo."

Neno lile lilimkaa Lani. Siku moja akamwacha jirani yetu Habiba aseme weee, vidole viko pale pale. Habiba alipomtaja mumewe aliyehamia Mkange kwa mke mdogo, akapitisha haraka kama jambo dogo, Lani akainua macho. Mshipa ulikuwa umeruka. Kuanzia hapo alibadili somo: unashika mkono, unamjulia mtu hali, unawauliza wa nyumbani mmoja mmoja, na vidole vinasikiliza pale mdomo unapopita haraka. Uani kukajaa watu na vicheko. Mimi mgongo wangu ukapona, na nikawa mwanafunzi mwenye kelele kuliko wote.

Ndipo shangazi akauliza swali ambalo mtu wa Bagamoyo lazima aliulize siku moja. "Lani, ijaza umepewa na nani?"

Kwetu hata kusomesha watoto juzuu unahitaji idhini ya mwalimu wako, naye awe alipewa na wake. Bila ijaza elimu haina baraka. Nilipomfafanulia, Lani alikaa kwenye mkeka akalia. Mwalimu wake, Mzee Sheni, alimkataza kuondoka, akamwambia hajaiva. Tangu hapo kila sikukuu yao anampigia simu, mzee haipokei. "Nafundisha, Tabia," akaniambia, "lakini nafundisha kama mwizi. Akikataa hata nikimwomba uso kwa uso, nafunga darasa." Nilitamani nimshike yule mzee masikio.

Shangazi hana subira na simu zisizopokelewa. Akamwamuru Lani ampelekee mzee ujumbe huu kupitia kwa mtoto wake: wazee wa Mlingotini wanakuita uje uone mwanafunzi wako anafanya nini. Mwaliko wa wazee haukataliwi, hata Uchina. Akaja.

Tulimpokea kama anavyopokewa sheikh. Matari, kasida, udi, marashi mpaka akapiga chafya. Alikuwa mfupi, mkavu, hacheki. Lani alimfuata nyuma, amembebea begi.

Asubuhi akakaa uani, akanyoosha mkono wake mwenyewe, kwangu mimi, niusome mshipa wake. Lani akaniomba kwa macho: leo kimya, Tabia. Nilijaribu, Mungu shahidi. Lakini nimshike mzee wa watu mkono bila shikamoo?

"Shikamoo, babu," nikasema. Lani akafumba macho, akatafsiri. Nikaona nimeshaharibu, basi niharibu mpaka mwisho. "Za safari? Wanao hawajambo? Na bibi, umemwachaje?"

Mshipa ukazama. Ulipotea chini ya vidole vyangu, kisha ukarudi mwembamba kama uzi. Sikuuachia mkono. "Pole, babu," nikamwambia. Lani akanitazama, haelewi ninampa pole ya nini.

Mzee alizungumza muda mrefu, na Lani alitafsiri huku machozi yanamtoka, maana hakuwa na habari kwamba bibi huyo amefariki. Mkewe ndiye aliyekuwa akikaa mlangoni na wagonjwa, akiwaongelesha, kisha akimnong'oneza mumewe kabla hajashika mkono wa mtu. Wanafunzi walidhani yote yanatoka kwenye vidole. Tangu afe, muda mfupi baada ya Lani kuondoka, vidole havimwambii kitu. Simu za Lani aliona haya kuzipokea.

Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakusema mgeni naye akiwa mgonjwa inakuwaje. Sisi tulimpikia wali wa nazi na pweza, tukamwongelesha mpaka akaanza kucheka. Lakini kuhusu ijaza hakusema neno, na Lani hakuthubutu kuuliza. Jioni mzee akaniita pembeni na simu yake inayotafsiri, akaniuliza hapa mwanafunzi humsalimia vipi mwalimu wake. Nikamwambia. Akauliza, hata mwalimu akiwa mdogo kwa umri? Nikamjibu kwamba mwalimu hana udogo. Akalirudia lile neno mpaka nikachoka mimi.

Kesho yake alikuja darasani mapema, akavua viatu, akaketi mwisho wa mkeka, katikati ya wanawake wa mwani. Lani alipoingia na vikombe vyake, mzee akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

Tukanyamaza wote, sisi tusiojua kunyamaza. Kuiacha shikamoo ya mzee hewani ni aibu, na kuiitikia ni kukikubali cheo. Lani alitutazama mmoja mmoja.

"Itikia, mwanangu," shangazi akasema kutoka mlangoni. "Ijaza ndiyo hiyo."

Lani akaviweka vikombe chini. Sauti yake ilisikika mpaka kwa jirani.

"Marahaba."