Mwewe Aliyesimama Hewani

Juzi nilikuwa juu ya Kibwezi, nikijifunza kuendesha ndege ndogo. Mshale wa mwendo ulionyesha tunakimbia, lakini lori kule chini barabarani likatupita.

“Upepo wa mbele,” mwalimu alisema.

Nikamkumbuka mwewe wa kijijini kwetu Migwani, nilipokuwa mtoto. Alasiri ile ilinuka vumbi na maganda ya ndengu, na nyanya yangu alikuwa akipepeta. Mwewe alisimama juu ya boma letu, haendi mbele wala harudi nyuma.

“Susu, huyo amelala,” nilimwambia nyanya.

“Angelala angeanguka.” Alimwaga ndengu zote chini, akawafunika vifaranga kwa ungo. “Tazama ameelekea wapi.”

Alikuwa ameukabili upepo. Sikuelewa siku ile. Kumbe muda wote alikuwa mbioni, ila upepo ulikuwa na mbio sawa na zake.