Nyuma ya Pazia la Kitenge

Kila nikipiga pasi kitenge kipya, harufu ile ya nta ikipanda na mvuke, mimi hugeuka kutazama mlango.

Siku ile nilikuwa sakafuni, kwenye nyumba yetu ya kupanga kule Gulfton, Marekani, nikibandika kwenye kadibodi picha ya mfalme mdogo wa Kimanchu, wa Uchina ya zamani. Walimkalisha kwenye kiti cha enzi hata miaka minne hajafikisha, na mama yake mkubwa akakaa nyuma ya pazia akimwamulia kila neno. Ilikuwa kazi ya shule.

Mlango ukagongwa. Dirishani nikamwona mtu wa ofisi ya nyumba ameshika karatasi. Mkataba wetu uliruhusu watu watano tu. Mama hakujua Kiingereza, na wadogo zangu watatu walikuwa bado wachanga, kwa hiyo mlango ulikuwa kazi yangu. Aliwasukuma mama mdogo na wanawe watatu, wageni wetu kutoka Garland, nyuma ya pazia la kitenge kipya lililogawa chumba, naye akaingia humo humo.

“Sema tuko batano,” alininong'oneza kabla sijafungua.

“Mnaishi wangapi hapa?” mtu yule akauliza.

“Watano.”

Macho yake yakashuka mlangoni, tulipovua viatu kama kawaida yetu. Jozi tisa. Mama alikuwa amevisahau. Kisha mtoto mmoja wa mama mdogo akakohoa.

“Nani yuko nyuma ya pazia?”

“Hakuna mtu.”

Alinitazama sana, akaandika kitu nisichokiona, akaondoka.

Kesho yake mwalimu aliisifu kadibodi yangu, akaniuliza mbele ya darasa ni nani aliyekuwa nyuma ya pazia. Jibu nilikuwa nimeliandika mwenyewe, kwa kalamu nyekundu.

Nikasema hakuna mtu.