Majani Niliyoyafagia Chini ya Mikarafuu

Nakumbuka asubuhi niliyoliona jani la kwanza la mkarafuu wangu limegeuka manjano, nikalichuma upesi na kulificha ndani ya kanga. Nilikuwa bibi harusi wa juzi, mwanangu, nimetoka kwetu Gando kuolewa karibu na msitu wa Ngezi, miaka michache kabla ya Mapinduzi. Mama mkwe wangu, Bi Saada, alinipa miche ishirini ya mikarafuu nipande kwenye shamba lake, iwe mali yangu mwenyewe. Kwetu mti huweza kuwa wako hata kama ardhi si yako. Sikuwahi kuwa na kitu cha kuitwa changu, na ile miche niliipenda mno.

Ila mimi nilikuwa na maradhi ya usafi. Nilizoea kuona watu wakisafisha chini ya mikarafuu mikubwa wakati wa mavuno, ili karafuu zinazodondoka zionekane na kuokotwa. Basi nami nikaifanyia miche yangu hivyohivyo, tena kila siku. Nilifagia majani yote nikayachoma moto. Siku moja nikakuta nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetambaa ndani ya majani yaliyooza, nikasema hili ni gonjwa la miti. Nikazikwangua kwa jembe mpaka udongo ukabaki mtupu. Wapita njia walinisifu, nami kichwa kikanivimba.

Miche ikaanza kunyauka. Karibu mwezi mzima niliimwagia maji na kuficha majani ya manjano, maana niliona aibu kumwambia mtu. Bi Saada alipokuja kutazama, minane ilikuwa imeshakauka. Hakunifokea. Alichukua pakacha, akaniambia nimfuate msituni.

Huko aliinama chini ya mti mkubwa, akafunua majani makavu. Chini yake palikuwa laini, panyevu, pamejaa nyuzi zilezile.

"Hapa afagia nani, mwanangu?" akaniuliza.

Nikainama nami kuzitazama zile nyuzi, naye akaendelea:

"Hizi ndizo zilazo majani yakawa udongo. Weye wazichoma, kisha mti wautaka ule nini?"

Nililia palepale, sikuona haya tena. Tulijaza pakacha udongo ule, tukauweka kwenye mashina ya miche kumi na miwili iliyobaki, tukaifunika kwa majani, na ufagio nikapigwa marufuku. Ulikufa mmoja tu. Miaka mingi baadaye bwana shamba alinieleza kuwa zile nyuzi ni kuvu, na kwamba wapo kuvu wengine wembamba hata jicho haliwaoni, walioshikamana na mizizi yenyewe. Hao huipelekea maji na chakula kutoka udongoni, nao mti huwapa utamu wake. Nilimsikiliza nikimkumbuka marehemu mkwe wangu, ambaye hakusoma hata darasa moja.

Basi, mwanangu, usiwe mwepesi wa kuondoa kitu kwa sababu tu hakikupendezi machoni. Uliza kwanza kinafanya kazi gani. Na ukishakosea, sema siku hiyohiyo. Ile miche minane niliiua mimi, na mingi katika hiyo ingepona kama ningefungua mdomo lilipogeuka jani la kwanza. Mungu akujaalie mtu wa kumuuliza, na akuondolee aibu ya kusema hujui. Amin.