Besi Iliyonifunga na Mama Mkwe

Jamani, kwa kuwa Lupepo nzima inajua, na nyinyi mmeanza kunisimulia mkasa wangu mwenyewe tena kwa kuongeza chumvi, bora niuseme mimi, aibu nimeshaizoea.

Napiga gitaa la besi kwenye kwaya yetu hapa Tukuyu, na Jumapili ile tulialikwa Lupepo kwenye sikukuu ya mavuno, kanisani kwa kina Neema, mchumba wangu, ambaye mama yake alikuwa hajawahi kuniona ila kwenye picha. Sasa asubuhi, badala ya kunyoosha shati kama mtu mwenye akili, nikaona nyuzi zimekaa juu mno, zinaumiza vidole, nikasema ngoja nizishushe kidogo tu. Hapo unazungusha viskrubu vya daraja, kile chuma cha chini kinachoshika nyuzi, lakini daraja langu ni la siku nyingi (na mvua za huku mnazijua, hata kijiko kinaota kutu), viskrubu vikagoma, nikachukua plaizi, nikavuta kwa hasira, daraja lote likacheza kama jino bovu.

Tumaini, mpiga ngoma wetu, akaniambia, "Gwamaka, azima gitaa jingine."

"Tulia kaka, mimi fundi."

Nikajaza njiti za kiberiti na gundi kwenye matundu ya mbao daraja linaposhikwa, nikarudishia skrubu, nikapiga noti mbili, likaitika, nikajipongeza.

Kanisani akina mama wakaingia wakicheza na mavuno yao, mikungu ya ndizi, kuku, na mbele kabisa mama mmoja wa gauni la lesi, kikapu cha maparachichi kichwani. Neema, aliyekaa benchi la kwanza, akanikonyeza: ndiye mama! Alipofika mbele yangu nikataka anione, nikaruka. (Sijawahi kuruka na besi maishani mwangu.) Nilipotua, spika ikanguruma kama ng'ombe anayezaa, daraja likang'oka, likabaki linaning'inia kwenye nyuzi, likabembea, likaenda kunasa kwenye lesi, begani kwa mama mkwe.

Nikarudi nyuma, akanifuata. Nikainama, akainama. Tumaini, badala ya kunyamazisha ngoma, akaongeza kasi! Waumini wakadhani ndiyo mtindo wa mjini, vigelegele, na akina mama wote wa nyuma wakaanza kuinama na kusogea kama sisi.

Nikanong'ona, "Shikamoo mama, samahani sana."

"Marahaba. Wewe ndiye Gwamaka?"

"Ndiyo, mama."

"Ndaga, asante mwanangu. Hata posa hujaleta, umeshanifunga kamba?"

Akacheka mpaka kikapu kikaanguka, maparachichi yakabingirika chini ya mabenchi, na Neema akaja na mkasi, akakata lesi kututenganisha mbele ya kanisa zima huku mwenyewe machozi ya kicheko yakimtoka.

Posa ilipokelewa, namshukuru Mungu, ingawa mama alilivaa gauni lile lile siku hiyo bila kulishona, ili wajomba waone tundu. Lakini mimi nimekoma. Besi naipeleka kwa fundi wa Bagamoyo, mtaa wa hapa hapa Tukuyu, mapema, nakaa kwenye benchi lake nimenyamaza, na siku ya ibada sigusi skrubu yoyote, hata ya miwani. Kiti changu kikilegea, nasimama mpaka Jumatatu.