Doha Ilivyozidi Kusogea Mbali

Mchumba wangu alipoondoka kwenda kufanya kazi Doha, aliniambia nisilie. Kutoka Nairobi, alisema, ni kilomita elfu tatu na kitu, saa tano angani: unakula, unasinzia kidogo, umefika. Alinitumia hata picha ya ramani, mstari umepinda vizuri kutoka kwetu mpaka kwake. Mimi, mshona sare za shule hapa Machakos mjini, niliukariri mstari ule. Wateja wakiniuliza, "Bwana yako ako wapi siku hizi?" najibu, "Saa tano tu." Nilijiona mtu wa maana.

Mwaka uliofuata, nilipomkumbusha mambo ya ntheo, safari ilikuwa imefika saa tisa. Siku hizi, alieleza, lazima ndege ipitie Addis. Baada ya Pasaka zikawa kumi na nne, maana hapo Addis abiria sasa wanalala. Doha ya watu wengine ilibaki palepale. Yangu mimi ilikuwa inahama. Na nilivyokuwa mjinga, nilimwonea huruma kwa uchovu wa safari ambazo hakuwahi kuzifunga.

Ntheo, kwa mila yetu, ni wale mbuzi watatu wa posa. Mwanamume akishawaleta nyumbani kwetu Kathiani, mimi ni mke wake. Asipowaleta, hata nimzalie watoto kumi, kwake mimi ni mgeni tu. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Nilitaka kuolewa, sitaficha.

Hatimaye mbuzi walikuja, Jumamosi moja asubuhi, wameletwa na binamu yake. Bwana harusi mwenyewe alikuja ndani ya simu. Binamu aliiegemeza kwenye chupa ya soda mbele ya wazee, akatuomba tumsalimie. Baba yangu, mtu wa adabu, alivua kofia akaisalimia chupa.

Baba mkubwa alikuwa ametoka Kivaa tangu alfajiri, amebadilisha gari mara tatu na goti lake limevimba. Aliinamia simu.

"Kijana, kutoka huko mpaka hapa ni masaa ngapi na ndege?"

"Ni mbali, mzee. Kumi na nne. Na kazini hawapeani ruhusa."

"Sawa, hatukulaumu." Baba mkubwa ana upole wa kutisha. "Basi hizi mbuzi tutakuwekea. Huyu mwiitu wetu, binti yetu, ako na pasipoti. Wacha yeye akuje huko, mkae, ukipata ruhusa mrudi wawili. Ama namna gani?"

Pasipoti nilikuwa nimeichukua tangu enzi za saa tano. Nikasogea kwenye simu, nikasema, "Niko tayari. Hata wiki ijayo."

"Wiki ijayo?" Aligeuza uso pembeni, akamtazama mtu ambaye sisi hatukumwona. "Aa, hapana. Usikuje. Huku... huku ni mbali sana."

Binamu akaanza haraka kueleza habari za mtandao kusumbua. Iliniuma, tena mbele ya wazee waliovaa suti kwa ajili yangu. Nilitoka nje, nikawafungua mbuzi mmoja baada ya mwingine kwenye nguzo ya tangi la maji, nikamshikisha binamu kamba zote tatu. Nikamwambia awarudishe mapema. Kwao ni Wamunyu, si mbali.