Siku Mashine ya Mkwe Ilipokula Kuni za Pilau

Siku ile nyumbani kwangu Zinga tulikuwepo hawa: mimi niliyekuwa mpishi wa shughuli, binti yangu Hadija, mumewe Shabani, yaani mkwe wangu, aliyekuja na trekta kutoka Mapinga, na mjukuu wangu Zuhura, bibi harusi, aliyekuwa ndani anapakwa hina. Bi Mwanahawa binti Shomari hakuwepo, Mungu amrehemu, lakini bila yeye hamtaelewa.

Yeye ndiye mpishi mkuu aliyenifundisha kazi. Siku yangu ya kwanza nilisimama mbali na moto, maana baba mkwe wangu alikuwa amekaa karibu na meko.

"We mwali, umekuja kupika au kuona haya?" Bi Mwanahawa akaniuliza. "Jikoni hakuna mkwe. Wali ukiungua, nani atauliza mkwe alikaa wapi?"

Nikashika yote: kupalilia pilau, yaani kuweka makaa juu ya kifuniko, na kuchagua kuni zisizo na moshi. Hilo la mkwe likanishinda. Kwetu mkwe humwiti jina wala humkaripii.

Basi Shabani kaja kupunguza matawi ya mkorosho ili turubai la harusi lipate nafasi. Nyuma ya trekta kafunga mashine inayozungushwa na shafti: unaitia tawi mdomoni, inatema maranda. Kelele zake hata adhana husikii. Nami kuni zangu nilishazipanga vizuri kando ya meko, ili wageni wa Mlingotini wale baada ya adhuhuri. Alipomaliza matawi akaziona. Akadhani mama mkwe kamsogezea kazi. Akaanza kuilisha mashine.

"Hadija! Mwambie mumeo hizo ni kuni za pilau!"

"Hasikii, mama!"

"Mfuate basi!"

Hadija akazunguka upande wa trekta. Mimi nikajitanda kanga, nikaenda nikipunga mwiko. Shabani ana adabu, jamani. Aliponiona tu akainamisha kichwa, na kwa kuwa mkwe anamtazama, akazidisha bidii. Nikisogea, anainama, akiinama, mkono unakuta kuni nyingine. Nikauweka mwiko juu ya kuni zilizobaki, angalau autambue. Mwiko ule aliniachia Bi Mwanahawa. Akauokota bila kuinua macho, akautia.

"Shabaniii! Zima!"

Kumbe Hadija ndiyo kwanza kazima trekta. Jina la mkwe wangu likafika mpaka barabara kuu. Zuhura akachungulia dirishani, hina mbichi mikononi: "Bibi, kuna pilau au hakuna?"

Shabani alikuwa amechutama nyuma ya gurudumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwiko wangu uko wapi?"

Akalitazama lundo la maranda. "Upo, mama. Ila umetawanyika."

Nilicheka mpaka kanga ikaanguka. "Haya, chukua beleshi uje jikoni. Leo huna mkwe, una bosi!"

Akawa anachota maranda makavu na kuyatia mekoni, nami nakoroga kwa mchi wa kinu. Mwiko wa Bi Mwanahawa ukaivisha pilau yake ya mwisho ukiwa chini ya sufuria. Wageni wakagombea ukoko.

Sasa nimestaafu, masufuria ni ya Hadija. Shabani alinichongea mwiko mpya, akaupaka rangi nyekundu ili hata aliyeinama auone. Nje bado ananiinamia. Jikoni tunataniana.

Kama nimekosea jambo, aliyekuwepo anisahihishe. Ila aje aniambie jikoni. Huko sasa hata mimi sioni haya.