Faustina wa Kilolo na Watoto wa Kasa

Kuku akitotoa nyumbani kwa Faustina, Kilolo, vifaranga havipewi nafasi ya kuhangaika. Kimoja kikichelewa kutoka, mama huyo hulibandua ganda kwa ukucha, akakipuliza, akakitia kifuani kipate joto. Ndivyo alivyowalea na wanawe, na ndiyo maana binti yake Paskalina, aliyepangiwa kufundisha kisiwani Mafia, alimwonya kabla hawajafika ufukweni.

"Mama, leo unaangalia tu. Hugusi kitu."

"Kwani nimesema nitagusa?" akajibu Faustina, huku akikaza kitenge kiunoni kama mtu anayekwenda kupalilia.

Ufukwe ule unalindwa, kwa sababu kasa hupanda kutaga mayai mchangani. Mlinzi wake, dada mmoja aitwaye Riziki, aliwasimamisha wageni nyuma ya kamba, karibu na kiota. Akawaomba wasipige kelele, wazime taa za simu, na wasikanyage njia ya kuelekea majini, maana kwa mtoto wa kasa unyayo wa mtu ni shimo.

Mchanga ukatikisika. Kikatokeza kichwa, kikafuata kingine, mara viumbe vyeusi, ukubwa wa kiberiti, vikaanza kujikokota kwenda baharini. Faustina akaukamata mkono wa bintiye.

"Yule amepinduka," akanong'ona. "Mgeuzeni."

"Atageuka mwenyewe, mama," Riziki akasema. "Hapo ndipo anapopata nguvu."

Yule mtoto akapigapiga mapezi hadi akageuka, na Faustina akashusha pumzi kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa chali.

Mwingine akapotea njia. Akapita chini ya kamba, akaingia kwenye kivuli cha kitenge, akampanda Faustina mguuni na kutulia juu ya vidole.

"Usiinue mguu, mama," akasema Riziki.

Faustina akasimama kama nguzo ya umeme. Mbu akatua shingoni mwake, akanywa hadi akashiba.

"Kamwene," Faustina akamsalimia mgeni wake kwa Kihehe, taratibu. "Bahari iko kule. Mimi ni mtu wa milimani."

Mtoto wa kasa akapumzika, akashuka, akawafuata wenzake. Wimbi likamchukua.

Papo hapo baba mmoja akanyoosha simu juu ya kamba, taa ikawaka. Faustina akamvuta mkanda wa suruali.

"Baba, zima. Watoto wanasafiri."

Riziki akageukia pembeni, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Jioni ile mumewe, Obeid, akapiga simu kutoka Kilolo kuuliza anawaletea nini kutoka baharini.

"Siji na kitu, Baba Paskalina. Hata mchanga nimeukung'uta kulekule. Ila kuna mmoja alinipanda mguuni. Amenikwaruza."

"Panauma?"

"Hapana," akasema Faustina, akiutazama mguu ambao haukuwa hata na alama.